Marehemu wa Mchana

Mjukuu wangu Otilia alitoka nje saa sita mchana, jua la utosi, mtoto mgongoni na beseni la nguo kichwani, akaniambia, "Shikamoo, Bibi." Nikajimwagia ndoo nzima ya maji miguuni.

Sikuitikia. Mtu uliyemfunika shuka asubuhi, mchana akikuamkia, humwitikii, unakimbia. Kilichonizuia ni magoti.

"Bibi, ni mimi."

"Naona ni wewe. Ndiyo maana natafuta njia."

Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka juani tangu masika ya mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa mtu kama watu. Baada ya hapo akawa mtu wa usiku: jua likichomoza, anapoa. Sisemi anasinzia. Anapoa, kama ugali uliosahauliwa mezani. Anaweza kuwa anafungua mlango, mkono uko kwenye komeo, jua likatokeza juu ya msitu wa misonobari tunayoiita misindano, na hapo hapo anabaki. Tunambeba, tunamlaza, tunamwondolea mtoto kwenye titi. Jua likizama, anafumbua macho.

Hapa kwetu Kitulilo walikuwa wengi wa namna hiyo. Homa ya vumbi ilipopita nyanda hizi iliacha watu na mioyo iliyolegea kama soksi kuukuu, na serikali ikawatia mioyo ya kutengenezwa. Sisi tunaiita mioyo ya bati. Muuguzi alinikatalia, akasema si bati, akataja jina refu, nikamwachia mwenyewe. Moyo ule hauna betri. Unakunywa nguvu kutoka mnarani kama redio inavyokunywa sauti. Na minara ni miwili, maana wakubwa ni wawili.

Walitueleza kwenye mkutano wa hadhara. Mchana ni kliniki na zahanati, na hizo ni kazi ya mkoa. Usiku ni dharura, na dharura ni kazi ya taifa. Kwa hiyo mnara wa bluu, ule wa nyuma ya soko, utalisha mioyo toka macheo mpaka machweo kwa fungu la mkoa. Mnara mwekundu, ule wa kilimani, utapokea zamu machweo mpaka macheo kwa fungu la taifa. Mzigo mmoja, mabega mawili. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote kwa sababu walikuwa wanagawa soda.

Halafu mkoa ukasema taifa halijaleta ruzuku. Taifa likasema mkoa haujaleta mahesabu. Wakati wanaandikiana, mnara wa bluu ukaanza kuachia mioyo mmoja mmoja, wazee kwanza, kisha hata vijana. Moyo ukiachiwa haufi. Ndani yake mna kifuko cha dawa ya baridi. Unakimwaga kwenye damu, mwili unatulia bila kuoza, unasubiri mnara wa pili uuite. Wataalamu walijisifu sana kwa kifuko kile. Mimi nilisema mchinjaji naye ana friji.

Sasa Otilia huyu hapa, anaanika nguo.

"Nimefumbua macho nikaona mwanga kwenye ufa wa dirisha," alisema. "Nikadhani nyumba inaungua. Nikamkwapua mtoto, nikakimbilia mlangoni. Kumbe ni mchana, Bibi. Mchana tu!"

Mtoto wake, Gaspari, alikuwa anamkodolea macho. Alizaliwa mama yake akiwa tayari mtu wa usiku. Alimjua kwa harufu, kwa sauti na kwa mwanga wa taa. Rangi yake hakuwahi kuiona. Alinyoosha kidole akamgusa shavu, akakirudisha haraka, kama aliyegusa sufuria.

Nililia, na ninapolia huwa natukana, kwa hiyo majirani walijua kuna jambo jema. "Mkoa umepata akili!" nilipiga kelele. "Mkoa, kumbe una mama!"

Ndipo likapita gari la matangazo.

"Ofisi ya Mkoa inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Lulandala wa Mtaa wa Kiwandani. Mazishi ni leo saa kumi alasiri. Wananchi mnaombwa kuwahi."

Hapo nilikaa chini, kwenye tope la maji yangu mwenyewe. Lulandala nilikuwa naye jana usiku. Alikuwa ananiibia karata.

*

Lulandala ni Mhehe na mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona dawa ya damu ile ni kutukanana kwa upendo. Yeye huniambia Wangoni tulifika huku tukikimbia, na tungali tunahema. Mimi humwuliza yule mbwa wa jirani aliishia kwenye sufuria gani. Ndio utani huo. Mtani hana adabu kwa mtani, na siku ya msiba ndiyo siku ya kukosa adabu kabisa: unavaa nguo za marehemu, unamwigiza, unakaa kaburini, na hazikwi mpaka wenye msiba wakuridhishe. Haudhiki mtu. Akiudhika, ndiye atakayechekwa.

Nilimkuta sebuleni kwake, ndani ya sanduku la mbao za msindano. Nilimshika shavu. Baridi. Lakini ilikuwa baridi ile ile ya kila mchana, naijua, miezi yote hii nimekuwa nikipita kumfukuzia nzi.

"Festo," nilimwambia mwanawe, "baba yako hajafa. Amelala kama anavyolala kila siku."

Festo ni mtu mzima, fundi magari, mikono kama spana. Hakunitazama. "Bibi Nakomba, ofisi imesema."

"Ofisi imemshika shavu?"

Kijana mmoja mwenye tai alijitokeza nyuma ya mlango. Alikuwa na uso wa mtoto aliyetumwa kurudisha sahani iliyovunjika. "Shikamoo, Bibi. Mimi ni Afisa Mgawanyo wa Mkoa."

"Marahaba. Unagawanya nini, mwanangu?"

"Wajibu, Bibi. Kipi cha mkoa, kipi cha taifa." Akakunjua karatasi. "Kuna kanuni mpya. Moyo uliokaa siku mia bila kupiga mchana, mwenye nao anahesabiwa marehemu wa mchana. Na marehemu akishakuwa marehemu, mazishi ni kazi ya mkoa. Machweo hayatakiwi kumkuta juu ya ardhi. Ni mambo ya afya ya jamii."

"Na usiku je?"

"Usiku si wetu."

"Jana usiku amenila karata mara mbili."

"Karata za usiku ni za taifa, Bibi."

Waombolezaji wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amejibu swali. Hapo ndipo nywele zilinisimama. Mtu anayekutania unaweza kumtania. Huyu alikuwa anasema kweli tupu kama ilivyoandikwa.

"Na hilo taifa limesemaje?"

"Limesema mazishi yaligatuliwa zamani. Haliwezi kuingilia."

Niliwatazama wote mle sebuleni. Walikuwa wameinamisha vichwa. Kila mmoja wao alikwisha kula wali wa Lulandala usiku, alikwisha kucheka naye usiku, na sasa walikuwa wamekaa wanangoja saa kumi. Mchana alikuwa maiti kwa muda mrefu hivi kwamba wameizoea maiti yake. Kitu kama hicho sijawahi kukiona, na nimeona mengi ya kipumbavu, mengine nimeyafanya.

"Wewe mtoto wa nani?" nilimwuliza afisa.

"Kihwele, Bibi."

"Kihwele! Mhehe!"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwanangu, umekwisha."

Nililichukua koti la Lulandala msumarini, nikalivaa. Nikavaa na kofia yake. Nikaanza kutembea kama yeye, nyonga moja mbele na nyingine inaulizia, huku nikikohoa kile kikohozi chake cha kuombea chai. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akacheka, na hatimaye Festo mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja. Sanduku likafungwa, likanyanyuliwa. Mimi nikatangulia.

*

Kaburini niliwaomba wachimbaji mkono, nikateremka, nikakaa chini. Udongo wa kwetu ni mwekundu na baridi yake inapanda mgongoni kama mdudu.

"Hazikwi mtu hapa," nilitangaza kutoka shimoni, "mpaka mtani aridhike!"

Makofi juu. Watu walikuwa wamefurahi. Msiba usio na mtani ni kama pilau bila binzari. Afisa Kihwele akatia mkono mfukoni.

"Sitaki noti zako. Nataka supu ya mbwa."

Vicheko.

"Hakuna supu? Basi nataka Mhehe acheze lizombe." Hiyo ni ngoma yetu Wangoni, na mchezaji wake anapaswa kuruka. Kijana akatazama viatu vyake, akatazama umati, akavua koti, akaruka. Aliruka vibaya. Nikamwamuru arudie. Akarudia. Nikasema kaburi fupi, lipimwe. Likapimwa. Nikasema sasa refu, mnazika mtu au ngazi? Jua likawa linateremka, taratibu lakini linateremka, nami nilikuwa na nia moja tu: machweo yamkute Lulandala juu ya ardhi. Mnara mwekundu ukiwaka, atakaa kitako, na hapo tuone nani atamzika mtu anayeuliza chai iko wapi.

Kunitoa kwa nguvu hawakuweza. Hata polisi hamtoi mtani kaburini. Mhehe akimburura Mngoni shimoni, ukoo wake utachekwa mpaka vilembwe.

Kihwele alipiga magoti ukingoni. Jasho lilikuwa linamdondoka puani, likaniangukia kwenye kofia. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, toka. Nakuomba. Otilia ni nani wako?"

"Mjukuu wangu. Anahusu nini hapa?"

"Moyo uliolala bado una nafasi yake mnarani. Kama mtu aliyeweka kanga kwenye foleni akaondoka. Kuitoa kanga ile sheria hairuhusu, mpaka mwenyewe afe na azikwe. Tukifunga mmoja, tunaweza kufungua mmoja."

Nilimsikia. Nilitamani nisingemsikia.

"Mzee alikuja ofisini juzi jioni, mara tu alipoamka," aliendelea. "Alikuja kwa miguu yake. Akasema, nifungeni mimi, mfungulieni yule binti wa Nakomba mwenye mtoto mchanga. Mtoto anahitaji mama wa mchana, mimi mchana naufanyia nini? Akasaini. Wa Otilia tumeufungua leo saa sita, kwa kutegemea mazishi haya. Yasipofanyika, Bibi, kesho macheo naurudisha kulala. Nisipourudisha, mnara utaangusha wa mtu mwingine."

"Aliniambia jana ananipa zawadi," nilisema. "Nikadhani ni karata."

Huko juu watu walianza kupisha. Otilia alikuwa anakuja. Alikuwa amejipaka mafuta, jua limemkaa usoni kama aliyeumbwa nalo, Gaspari kiunoni anavuta shanga. Aliinama akachungulia.

"Bibi! Umeingia kaburini na koti la watu!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, mtoeni bibi yangu, ataugua kifua!"

Hakujua lolote.

Sitawadanganya. Nilimnyooshea Kihwele mkono. Mguu mmoja niliutia kwenye kishimo cha ukuta, nikajivuta, kidevu changu kikafika kwenye nyasi. Lulandala amekubali mwenyewe, niliwaza. Mtu mzima, akili timamu, amesaini. Mimi ni nani wa kumnyang'anya zawadi yake? Na sanduku likawa pale mbele ya macho yangu, juu ya kamba, tayari.

Nikauliza swali moja tu, la kupitisha pumzi, kama mtu anavyouliza akiondoka nyumbani kama moto umezimwa. "Na ule mnara mwekundu mtamzimia saa ngapi?"

Kihwele aliacha kuvuta.

"Ule si wetu, Bibi."

"Najua si wenu. Wenyewe watamzima saa ngapi?"

"Tuliwaandikia. Walijibu kwamba taifa halimzimi raia ambaye moyo wake unapiga."

"Kwa hiyo jioni hii..."

"Utampigia."

"Akiwa huku chini."

"Tulidhani mawimbi hayafiki chini ya udongo."

"Mlidhani au mlipima?"

Alitazama pembeni. Kitulilo nzima inajua kwamba yanafika. Tuna mgodi wa makaa. Wachimbaji wenye mioyo ya bati huingia zamu ya usiku, chini kabisa, mlima mzima juu ya vichwa vyao, na mnara mwekundu unawalisha huko huko. Taifa lilijisifia mnara ule mpaka kwenye kalenda.

"Atafumbua macho," nilisema, "gizani, ubao puani. Atagonga. Hewa itaisha. Halafu?"

"Hewa ikiisha," alinong'ona, "kifuko kinamwaga dawa. Anatulia."

"Na kesho jioni?"

"Kifuko hujijaza chenyewe, Bibi."

"Na kesho kutwa?"

Akailegeza tai yake.

"Moyo huo mmeupa dhamana ya miaka mingapi?"

"Thelathini," alisema, na midomo yake ikawa myeupe, kwa maana nadhani ndiyo mara ya kwanza alizijumlisha zile kanuni mbili kwa sauti. Mkoa ulikuwa na kanuni moja, safi. Taifa lilikuwa na kanuni moja, safi, tena ya huruma. Kila ofisi ilikuwa imefanya sehemu yake.

"Lulandala anajua?"

"Alidhani anakufa, Bibi. Sote tulidhani."

Otilia alikuwa bado anacheka, ameninyooshea mkono wake, kidole kina pete ya shaba. Mkono ule nilikuwa sijaushika wa moto mchana kwa muda mrefu sana. Niliushika. Ulikuwa wa moto. Kisha nikauachia, nikateleza nikarudi chini, nikakaa.

"Mtani hajaridhika!" nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi.

*

Walibembeleza. Katekista aliimba wimbo wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Festo alikuja ukingoni akaniambia, "Bibi, baba alitaka hivi," nami nikamwambia, "Kaa karibu na lile sanduku, mwanangu, na koleo lako usiliweke mbali." Hakuelewa, lakini alikaa.

Jua likagusa misindano. Likaingia. Kilimani taa nyekundu ikakonyeza.

Kwanza kilikuja kikohozi. Kile kile cha kuombea chai. Halafu, kutoka ndani ya mbao: ngo, ngo, ngo.

Nilikuwa nakitegemea, nimekikalia saa mbili, na bado kilinitoa roho. Ama wale wa juu, niliona nyayo tu zikiruka shimo. Katekista alipita hewani na kanzu yake kama mwavuli. Afisa Kihwele alirudi kinyumenyume, akakosa ardhi, akaniangukia mapajani.

"Karibu," nilimwambia. "Pole na kazi."

Festo hakukimbia. Nilimsikia akipiga kelele, "Baba! Baba!" na koleo likipasua mbao. Hazikuchukua muda; mkoa ulinunua mbao nyepesi. Kisha nikasikia sauti ya Lulandala, ya usingizi na hasira.

"Nani amevaa koti langu?"

Tulitolewa, mimi na afisa wangu, kwa kamba zile zile za kushushia. Lulandala alikuwa amekaa kitako ndani ya sanduku, pamba puani, ananikodolea.

"Mngoni, nani amekutuma? Nilikuwa nimeshaondoka! Nimeaga, nimesaini, nimevaa soksi mpya!"

"Ulikuwa huendi popote."

"Zawadi yangu unaipangia wewe?"

"Lulandala, sikiliza."

"Sikusikilizi! Maisha yangu yote mnanikimbilia mbele, hata kaburini mmetangulia!"

"Mnara mwekundu unafika mgodini," nilimwambia.

Akaelewa pale pale. Ni mtu mwepesi. Ndiyo maana ananiibia karata. Alilitazama shimo. Alitazama mbao pembeni mwake, akaweka kiganja juu ya ubao mmoja, karibu na pua yake, akapima ile nafasi iliyokuwepo.

"Kila jioni?" aliuliza.

"Kila jioni."

"Kihwele, mwanangu, kweli?"

Kihwele alikuwa anapangusa udongo suruali yake na hakuacha kupangusa. "Mzee, sikuziweka pamoja," alisema. "Ziko kwenye mafaili tofauti."

Lulandala alitoa pamba puani, moja moja. Akasema, "Wangoni hamna adabu. Nipe mkono nitoke."

Ndipo nikaona Otilia hakukimbia. Alikuwa amesimama nyuma ya Festo, amemkumbatia Gaspari kwa nguvu mpaka mtoto anafurukuta. Alikuwa amesikia yote.

"Mzee," alisema, "mchana wangu ulikuwa wako?"

Kihwele alisogea akaanza kumweleza kwamba kwa kuwa mazishi hayakukamilika, yeye kama ofisi, kesho macheo, hana budi. Otilia alimwachia aseme mpaka mwisho. Alitikisa kichwa pole pole kama mtu anayesikiliza bei.

*

Kabla hakujapambazuka tulikaa barazani kwangu watatu, na mtoto wa nne. Lulandala aliletwa na Festo, amejifunga blanketi. Alisema hataki kupoa peke yake leo. Alinitania mawili matatu, lakini yalikosa chumvi. Nilimrudishia mawili matatu, yakakosa pia. Otilia alikuwa ananyonyesha. Alitaka mtoto ashibe kabisa.

"Nilisahau kutazama vitu vingi," alisema. "Nilifua. Siku moja nimepewa, nikafua."

"Sijui kama ni moja," nilisema. "Festo amesema leo anakwenda mkoani. Wenye wagonjwa wote watakwenda. Wakitoka mkoani watakwenda taifani."

"Na taifani watawaambia warudi mkoani."

"Ndiyo," alisema Lulandala. "Lakini safari hii wataulizwa jambo jipya. Nitawasimulia mbao zinavyonukia kwa ndani."

Upande wa misindano mbingu ilikuwa inageuka rangi ya maji ya mchele. Lulandala akajiegemeza ukutani vizuri, akaweka mikono yake mapajani, tayari, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Otilia aligeuka akanitazama.

"Bibi. Nataka kukuuliza, na usinijibu kwa utani."

"Uliza."

"Wewe na Mzee mmecheka pamoja toka sijazaliwa. Angekuwa mtu mwingine ndani ya lile sanduku. Mtu usiyemjua hata jina, na afisa akakwambia yale yale, miaka thelathini, kila jioni. Na mimi nimesimama pale juu na Gaspari, ninakunyooshea mkono. Ungerudi chini?"

Maisha yangu sijawahi kukosa la kusema. Padre amewahi kunifukuza kanisani kwa ajili hiyo. Nilifungua mdomo. Nilitafuta ndiyo, ikanijia hapana. Nikatafuta hapana, nikasikia ngo, ngo, ngo. Otilia alisubiri, macho hayapepesi, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu ili asinikose.

Jua lilitokeza.

Lulandala alishusha kidevu. Otilia hakushusha chochote. Alibaki vile vile, ananitazama, anasubiri. Nilimshika shavu na lilikuwa bado la moto, halafu vuguvugu, halafu sikuweza kuendelea kulishika.

Gaspari alikuwa bado ananyonya. Nilimtoa taratibu, akalia, akanyoosha kidole kuelekea uso wa mama yake, ambao sasa alikuwa anauona vizuri. Sikumfunika Otilia shuka. Nilikaa mbele ya macho yake na mtoto mapajani, na mchana mzima mbele yangu wa kulitafuta jibu, kabla kilimani hakujawaka.